Siku nane za maleleji: kampavani ya kukodi kwenye pwani ya kaskazini ya Uskoti

Mama alifika Glasgow kutoka Tanga katikati ya Mei, na wiki ile ya kwanza kila nikimwamkia aliniuliza jambo moja: bahari iko wapi? Jumapili nikampeleka kwenye ukingo wa Clyde. Akasimama, akaangalia ng'ambo, akasema, "Mwanangu, huu ni mto." Marehemu Baba alikuwa mvuvi. Mama amezaliwa na kuzeekea karibu na maji ya chumvi, na kumfungia ghorofa ya tatu kwa miezi mitatu lilikuwa jambo la kunikosesha usingizi. Nilikuwa na likizo mwanzo wa Juni, nikaamua kumzungusha pwani yote ya kaskazini ya Uskoti. Kwa kuwa magoti yanamsumbua, na nyama asiyojua imechinjwaje haigusi, hoteli nikaziacha. Nikakodi kampavani: gari lenye kitanda, jiko na sinki, mnalala humo na mnapika humo.

Mimi ni dereva. Miaka kumi na moja nimeendesha basi Tanga–Lushoto, na sasa nina miaka sita kwenye mabasi ya mjini hapa Glasgow. Kwa hiyo gari lile nililikagua kwa jicho la kazi kabla ya kutazama mapazia yake, na ninaandika kwa ajili ya wenzetu walioko huku wanaofikiria safari kama hii wakiwa na mzazi au watoto. Kampuni sitaitaja. Yaliyonipata ningeweza kuyapata kwa nyingine yoyote, maana nilisoma matangazo mengi kabla ya kuchagua na yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja.

Nililipa pauni 980 kwa usiku saba, bima ya ziada pauni 105, na pauni 1,000 zikazuiwa kwenye kadi kama dhamana. Gari lilikuwa la dizeli, gia za mkono, urefu mita 5.3, upana mita 2.3 hivi ukihesabu na vioo vya pembeni. Ndani kulikuwa na kiti cha nyuma kinachokunjuliwa kuwa kitanda, jiko la gesi la pleti mbili, friji ndogo, tangi la maji la lita 30, hita, na paa linaloinuliwa lenye turubai pembeni na kitanda cha pili huko juu. Tangazo lilisema: watu wanne. Sisi tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na Mama, nikaona nafasi itabaki.

Mwenzangu mmoja kazini alinishauri nichukue kubwa, lile lenye choo na bafu lake. Nilikataa, na huo ndio uamuzi bora nilioufanya safari nzima. Njia yenyewe inaitwa North Coast 500. Jina hilo limeanza kutangazwa 2015, ila barabara zake ni za zamani. Zimeunganishwa tu zikawa mzunguko mmoja wa maili 516, kama kilomita 830, unaoanzia na kuishia Inverness. Upande wa mashariki ni barabara za kawaida. Magharibi na kaskazini, sehemu kubwa ni lami ya gari moja. Kila baada ya umbali fulani imepanuliwa kidogo ili magari yapishane, na pamewekwa kibao. Ukiona gari mbele, na sehemu ya kupishia iko kushoto kwako, unaingia wewe. Ikiwa iko kulia, unasimama usawa wake upande wako na kumwachia mwenzako aingie. Na ukiona gari linakufuata kwa karibu, unaingia pia na kuliacha lipite, kwa sababu huyo huenda ni mwenyeji anayewahi kazini, au nesi, au anayepeleka mtoto shule. Hili wageni wengi hawalitimizi na linawaudhi wenyeji kwa haki kabisa. Mtu akikupisha unainua mkono. Mama alifurahia hilo kuliko nilivyotarajia. Siku ya pili tayari alikuwa anainua mkono yeye kabla yangu.

Tulipanda treni kutoka Glasgow, mwendo wa saa tatu na ushei, tukachukua gari Inverness jua linawaka. Tukaelekea magharibi. Saa tisa alasiri tukafika Tornapress, kwenye kichwa cha ghuba ya Kishorn, penye njia panda na kibao kikubwa kinachowaonya madereva wanafunzi, wanaovuta karavani na wenye magari makubwa sana wasipande. Hapo inaanza Bealach na Bà. Jina ni la Kigaeli, maana yake njia ya ng'ombe ya mlimani, kwa kuwa zamani mifugo ilivushwa hapo. Unaanzia usawa wa bahari, unapanda hadi mita 626 kwa lami ya gari moja, na karibu na kilele kuna kona zilizokunjana kama kiwiko, ukingo wake ni reli fupi ya chuma na baada ya hapo bonde.

Jua tuliloliacha Inverness halikuwepo tena. Wingu lilikuwa limekalia nusu ya mlima, mvua inakuja ya ubavuni. Nikaegesha pembeni nikangoja dakika kumi. Magari mawili yaliyoshuka yalitokea ghafla, taa za ukungu zinawaka, mita thelathini tu mbele yangu. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto nimeipanda masika baada ya masika, ukungu wa pale Soni naujua, lakini kule kona nilizijua moja moja na kila dereva alijua honi ya mwenzake. Hapa nilikuwa mgeni, na nyuma yangu ameketi mama yangu. Nikageuza, nikachukua njia ndefu ya Shieldaig inayofuata ufuko hadi Applecross. Inaongeza zaidi ya saa nzima. Mke wangu aliniuliza kama nimekasirika. Hapana. Hoteli ingekuwa inatusubiri kwa muda maalumu, funguo, mapokezi, chakula cha saa moja. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kiti changu, na sufuria la wali lilikuwa ndani yake.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi kama umeoshwa. Nikaupanda kutoka upande wa Applecross, ambao mwinuko wake ni mrefu na wa taratibu, na kule juu tukasimama. Kisiwa cha Raasay kilikuwa chini yetu, na nyuma yake milima ya Skye. Mama alifunga khanga yake juu ya koti, akakaa kwenye jiwe, hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha tukashuka Kishorn kwa gia nzito, ya pili na mara nyingine ya kwanza, breki nikizigusa tu. Gari lilijibu vizuri. Injini ilishika mteremko bila kukimbia, usukani ulikuwa mwepesi, na kwenye kona ile kali kuliko zote nilikunja mara moja bila kurudi nyuma.

Chini yake kidogo tukakutana na lile gari nililoshauriwa kukodi. Kubwa, jeupe, lenye choo na bafu. Alikuwa kijana na mkewe, wamekwama katikati ya sehemu mbili za kupishia, magari manne nyuma yao, na yeye hawezi kurudi kinyumenyume kwa sababu vioo vyake havimwonyeshi ukingo. Nilishuka, nikamwomba ruhusa, nikasimama nyuma ya gari lake na kumwelekeza kwa mkono kama tulivyokuwa tunaelekezana Soni. Dakika ishirini na tano zilikwisha hapo. Alikuwa anatetemeka. Kwa hiyo ukiniuliza upana, nakuambia: chukua jembamba kuliko yote unayoweza kulala ndani yake, hata kama choo utakwenda kuazima kambini.

Gairloch, usiku wa pili, ndipo tatizo la kwanza lilipojitokeza. Saa nane usiku niliamshwa na baridi. Simu ilionyesha nyuzi 6 nje. Hita ilikuwa imezimika na kila nikiiwasha inabofya mara tatu, inanyamaza. Hita za magari haya hunywa dizeli kutoka tangi lile lile la injini, lakini bila umeme haziwaki, kwa sababu plagi ya kuwashia na feni vinategemea betri ya pili, ile ya vyumbani, ambayo huchajiwa injini inapozunguka. Nikaitazama kwenye paneli yake: imekwisha. Siku nzima nilikuwa nimeendesha saa tano, betri nzima isingeweza kuwa katika hali hiyo. Ilikuwa imechoka kabla hatujapewa. Mama tukamfunika kila tulichokuwa nacho, mke wangu akachemsha maji akayatia kwenye chupa, tukamwekea miguuni. Asubuhi alisema amelala vizuri. Nilijua hajalala.

Kampuni walipokea simu saa mbili kamili asubuhi, na hapa nawapa haki yao. Hawakubishana. Waliniuliza maswali matatu ya maana, wakanielekeza gereji moja ya Ullapool, wakasema betri mpya itakuwa tayari saa nane mchana na watailipa wao. Ikawa hivyo. Baadaye walirudisha pauni 60 za usiku ule bila kuombwa mara ya pili. Nilichowaambia, na nakuambia na wewe: siku ya kuchukua gari usikubali kuonyeshwa hita kwa kuiwasha dakika moja. Zima injini, washa hita, friji na taa zote, kaa ndani nusu saa huku unasoma karatasi za mkataba, halafu angalia betri imeshuka kiasi gani.

Njiani kwenda Ullapool tulipita bustani ya Inverewe, pale Poolewe. Ilianzishwa 1862 na Osgood Mackenzie kwenye rasi iliyokuwa mwamba na majani makavu. Alianza kwa kupanda miti ya kukinga upepo, akangoja miaka ikue, ndipo akaleta mimea ya nchi za joto. Inastawi kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka mbali ng'ambo ya Atlantiki unaifikia pwani ile. Mama, aliyetoka kulala na chupa ya maji ya moto, alisimama chini ya mti wa jamii ya mgomba akashika jani lake kwa vidole viwili, kulihakikisha.

Mvua tatu zilitunyeshea ndani ya bustani hiyo, na baina yake jua mara tatu. Nilijaribu kumweleza Mama nilivyoelezwa kazini: kwamba mifumo ya mvua na upepo ya Atlantiki inafuatana kuja upande huu, na milima ikiwa karibu namna ile na maji, hewa yenye unyevu inapandishwa juu ghafla na kumwaga mvua hapo hapo, huku ng'ambo ya mlima wanaanika nguo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwetu kusi ikishika imeshika, unajua ni miezi mingapi, na kaskazi vivyo hivyo, na kati yake kuna zile wiki za maleleji, pepo zisizo na msimamo, ambazo mvuvi mwenye akili hakai mbali na ufuko. "Hawa wenzenu," akasema, "wanaishi kwenye maleleji mwaka mzima." Baada ya hapo sikuangalia tena utabiri wa simu bila kumuuliza na yeye. Alikuwa anatazama mawingu ya upande wa bahari na kuniambia anika taulo au toa taulo, na alipatia mara nyingi kuliko simu.

Ullapool ni mji mdogo mweupe uliopangwa kwa mistari, uliojengwa 1788 kwa ajili ya uvuvi wa heringi. Gari likiwa gereji tulikaa bandarini saa tatu. Meli ya kwenda Stornoway ilikuwa inapakia, na nilipomwambia Mama kwamba huko kisiwani inakokwenda kuna msikiti uliofunguliwa 2018, aliifuata kwa macho hadi ilipozama nyuma ya rasi. Dukani tukanunua makareli wanne wabichi. Mama akawageuza, akasema ni ndugu wa vibua, ila hawa wamenenepa. Jioni aliwapika kwa tui la kopo tulilotoka nalo Glasgow, bizari na ndimu.

Hapo nizungumzie jiko. Pleti mbili zinatosha kwa watu watatu, moto wake una nguvu, lakini zikifanya kazi pamoja, mfuniko wa sinki unapata joto mno kuweza kukatia kitu juu yake. Kifaa cha kutambua hewa ya sumu kilikuwepo na kinafanya kazi, nilikijaribu. Ukipika samaki fungua dirisha na mlango wa ubavuni, hata kwenye baridi. Na hapo ndipo kasoro ya pili: mlango hauna wavu. Juni ni msimu wa usubi. Ni wadogo kuliko ncha ya kalamu, wanakuja kwa maelfu upepo ukitulia na hewa ikiwa na unyevu, wanaingia nyusini, masikioni, chini ya mtandio. Ukivuma upepo mdogo tu wanatoweka. Usiku ule wa Ullapool upepo ulikufa, na mke wangu alikula samaki wake akiwa amefunga mlango, ndani ya mvuke wa bizari, macho yanamtoka machozi. Wavu wa sumaku unauzwa pauni chache. Gari la pauni 140 kwa usiku lingekuwa nao.

Maji nayo. Lita 30 zinaandikwa kwenye matangazo kama kitu kikubwa. Familia inayotawadha mara tano, watu watatu, na kuosha vyombo, inazimaliza kabla ya siku kwisha. Tulikuwa wasafiri, swala tukazikusuru na kuzijumuisha, yaani kuzifupisha na kuziunganisha, na Mama akachukua kikombe cha bati akatuonyesha jinsi ya kutawadha kwa maji yasiyojaa nusu lita. Kila kambi tuliyolala ilikuwa na bomba, tukawa tunajaza asubuhi na jioni. Jambo lililomsumbua zaidi ni swala ya Magharibi. Kule Durness wakati huo jua lilizama saa nne usiku na kitu. Alikuwa anakaa na tasbihi kwenye kiti cha mbele, ambacho kinageuka kutazama ndani, akisubiri, na nje kungali kweupe watoto wanacheza mpira.

Tulilala kambini kila usiku, pauni 28 hadi 36, na sijutii. Wengi hufikiri Uskoti unalala popote. Sheria ya ardhi ya 2003 inampa mtu haki ya kupita na kupiga hema kwenye ardhi ya wazi kwa uangalifu, lakini haki hiyo haihusu magari. Na hakuna kitu kilichonisikitisha kama kuona sehemu za kupishia zimegeuzwa vyumba vya kulala, na karatasi za chooni kwenye nyasi.

Achmelvich tulipata jua. Mchanga mweupe, maji rangi ya zumaridi, na Mama akavua viatu kwa mara ya kwanza tangu aje Ulaya. Akaingia hadi vifundoni, akapaza sauti moja, akatoka. Akarudi tena. Alikaa humo dakika arobaini, anaingia na kutoka, mpaka wingu lilipofika na matone yakaanza, tukakimbilia garini, tukafungua mlango unaotazama bahari na kunywa chai ya tangawizi huku mvua inapita mbele yetu kama pazia. Ikapita, jua likarudi. Kwa saa hiyo moja nililipa pauni 980 kwa moyo mmoja.

Siku iliyofuata tukavuka daraja la Kylesku, lililopinda juu ya maji kati ya milima. Lilifunguliwa 1984; kabla yake ilikuwa lazima kusubiri kivuko. Mama alieleza jinsi walivyokuwa wanasubiri kivuko cha Pangani kwenda Bweni na mizigo ya nazi, na simulizi ile ikatufikisha Durness.

Durness kambi iko juu ya mwamba, chini yake ufuko wa Sango. Tulipanga usiku mmoja, tukakaa miwili. Mchana wa kwanza tulikwenda pango la Smoo. Ni pango la chokaa kama yale yetu ya Amboni, ila hapa chumba cha mbele kimechimbwa na bahari na cha ndani kimechimbwa na kijito kinachodondoka kutoka juu ya paa la pango. Ngazi ni nyingi, tulimshika Mama mkono huku na huku, na alikataa kubaki juu. Ndani aliuliza kama watu wa hapa huacha chochote pangoni, ubani au kitambaa, kama Amboni. Sikuwa na jibu.

Usiku huo upepo ukapanda. Saa tano ulikuwa unalitikisa gari zima kwa ubavu. Turubai la paa lilianza kupiga kama tanga lililokosa kamba yake ya demani, na maji yakaingia kwenye mshono wa kona ya kulia, kwanza matone, kisha mstari, yakatelemka hadi kwenye godoro nililolalia. Kitabu walichotupa kinasema paa lishushwe upepo ukizidi maili 30 kwa saa. Ulikuwa umezidi. Nikashuka, nikageuza pua ya gari ielekee upepo, nikavuta paa chini, nikalifunga.

Paa likishushwa, kitanda cha juu hakipo. Godoro linabanwa kati ya paa na dari, hata paka haingii. Kilichobaki ni kitanda cha chini, upana wake sentimita 115, na juu yake walikuwa Mama na mke wangu. Mimi nilikaa kiti cha dereva na koti la kazini mpaka kulipokucha saa kumi. Usiku wa pili upepo haukupungua, nikakaa tena. Nimewahi kulala kwenye kiti cha basi Mombo, najua kufanya hivyo. Lakini fikiria baba na mama na watoto wawili waliosoma "watu wanne" wakalipa, wako juu ya mwamba ule, saa sita usiku, mvua inaingia. Wanalala wapi? Pwani hii upepo wa namna ile si ajali ya nadra, hata kiangazi unakuja. Gari la paa la turubai ni la watu wawili. Wa tatu na wa nne wanategemea utulivu wa hewa, na hewa tuliyoikodia gari haina utulivu. Hili ndilo jambo ambalo lilipaswa kuandikwa juu kabisa ya tangazo, kwa herufi kubwa kuliko bei.

Hita, lakini! Kwa betri mpya ilifanya kazi usiku wote miwili bila kukatika. Mama alilala jasho linamtoka. Ukikodi gari la aina hii kwa pwani ya aina hii, unalipia wembamba wake na hita yake, na mengine, mapazia, taa za rangi, redio ya kisasa, kiti kinachozunguka, ni ziada. Wangenipa gari la paa gumu lisilo na lolote katika hayo, lenye hita nzima na kitanda kipana, ningewashukuru zaidi.

Kutoka Durness kwenda mashariki nitapita haraka, kama tulivyopita. Upepo ulitusukuma kutoka nyuma, Tongue, Bettyhill, kisha nyanda za mboji zinazoitwa Flow Country, zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia 2024, kahawia na maji hadi upeo wa macho. Usiku wa mwisho tulilala Dunnet. Asubuhi tukaenda Dunnet Head, ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Uingereza. Wengi hudhani ni John o'Groats. Pafini, ndege wa baharini, walikuwa kwenye kingo za mwamba, wadogo, midomo ya rangi ya machungwa. Mama alisimama akishikilia uzio kwa mikono miwili, upepo unampiga usoni. Akaniuliza huko mbele kuna nini. Nikamwambia visiwa vya Orkney, ndiyo vile, na baada yake bahari kubwa. Akasema, "Hii sasa ni bahari."

Tulirudisha gari Inverness saa nne asubuhi, maili 692 zimeongezeka kwenye mita, dizeli imetugharimu pauni 154. Kijana aliyelipokea alizunguka na tochi, akapata mkwaruzo chini ya mlango wa nyuma, akaandika pauni 85 kutoka kwenye dhamana. Mkwaruzo huo niliupiga picha siku ya kwanza, saa na tarehe zinaonekana; piga picha za kila upande, hata chini, hata ukionekana mtu wa kushuku. Niliwatumia jioni hiyo hiyo. Pauni 85 zilirudi siku ya tisa, na barua ya kuomba radhi.

Kwenye fomu ya maoni niliandika ukurasa mzima juu ya paa na watu wanne. Walinijibu kwa upole kwamba wameyapokea. Juzi niliangalia tangazo: wavu wa mlango wameongeza, idadi ya watu bado ni ile ile. Nimewaandikia tena, na picha ya godoro lililolowa nimeiambatisha.